Mwanangu, hizo biskuti za keto bado ni biskuti

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mara mbili, ile uliyoniuliza kama ukiacha wanga na kuanza kula kama watu wa kale unaweza kuendelea na hizo biskuti na baa za protini zilizoandikwa keto (yaani ulaji wa wanga kidogo sana na mafuta mengi), na kama baba yako naye anaweza kuanza. Kwenye simu ningesahau nusu ya ninayotaka kusema ndo maana nakuandikia.

Biskuti kwanza. Hapana mwanangu. Igeuze hiyo pakiti usome nyuma, viungo vinapangwa kwa uzito kwahiyo kinachotajwa mwanzo ndo kingi kuliko vyote, utakuta protini iliyochujwa kiwandani, nyuzinyuzi za kuongezwa, vitamu bandia, ladha bandia, na vitu vya kuifanya isiharibike. Kuna daktari wa Brazil anaitwa Carlos Monteiro, yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha São Paulo waligawa vyakula makundi 4, na hawakuangalia wanga wala mafuta, waliangalia kilivyosindikwa. Kundi la 4 ndo vile vya kiwandani kabisa, vyenye vitu ambavyo hakuna mtu anaviweka jikoni kwake. Biskuti yako inakaa huko pamoja na soda, hata kama haina punje ya sukari.

Na hili la kusindikwa sio dogo. Mwaka 2019 Marekani, mtafiti Kevin Hall na wenzake waliwaweka watu 20 ndani wiki 4, wiki 2 wanapewa vyakula vya kiwandani, wiki 2 vyakula vya asili, sahani zimesawazishwa wanga, sukari, mafuta, chumvi mpaka nyuzinyuzi, halafu wakaambiwa kuleni mtakavyo. Kwenye vya kiwandani walikula kama kalori 500 zaidi kila siku na wakaongezeka karibu kilo moja, kwenye vya asili wakapungua karibu hiyo hiyo. Tena walikuwa wanakula haraka zaidi, chakula laini kinapita kabla tumbo halijasema limetosha. Sasa ona, wanga uliowekwa mezani ulikuwa sawa pande zote mbili!

Mimi wanga nimepunguza mwaka wa 4 huu na sirudi nyuma. Mayai, samaki, nyama, mboga za majani kwa wingi, karanga, matunda kidogo. Ile njaa ya saa nne asubuhi iliyokuwa inanitetemesha mikono imeisha kabisa, yaani nakula nashiba nasahau chakula. Ila usidanganyike na kilo za wiki ya kwanza, wanga mwili unaoutunza unashikilia maji karibu mara 3 ya uzito wake, ukiisha maji yanatoka na chumvi inatoka nayo, ndo kile kichwa ulichosema kinakuuma. Kunywa supu ya mifupa yenye chumvi, utaona tofauti.

Lakini usije ukaogopa kiazi. Watu wa kale hawakuwa na sahani moja, Wainuit, wale wenyeji wa kaskazini kwenye barafu, waliishi kwa samaki na nyama ya wanyama wa baharini, Wahadzabe wa Tanzania, wawindaji, wanakula mizizi na asali pamoja na nyama, na hata kwenye meno ya Neanderthal, binadamu wa kale waliokwisha kutoweka, wamekuta chembe za wanga zilizopikwa. Kilimo chenyewe kina miaka kama 10,000 tu, na mababu wote hao, wa nyama na wa mizizi, hakuna aliyekula kitu cha pakiti. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wa 2018, watu 609 mwaka mzima, wa mafuta kidogo walipungua kilo 5.3 na wa wanga kidogo kilo 6, tofauti isiyo na maana kubwa, ila wote waliambiwa waachane na sukari na unga uliokobolewa, wale vyakula halisi. Mimi napenda kula wanga kidogo kwasababu nikila hivyo nashiba, wewe ukiona kiazi cha kuchemsha jioni kinakusaidia usiifungue pakiti, kula kiazi.

Sasa baba yako. Hapo naomba unisikilize vizuri. Yeye anatumia vidonge vya sukari vile vinavyosukuma kongosho litoe insulini, akikata wanga ghafla na dozi ikabaki ile ile sukari inaweza kushuka sana, mtu anatoka jasho, anachanganyikiwa, anaanguka. Anaejichoma insulini ndo zaidi. Sio kwamba hawezi, anaweza na huenda ikamsaidia sana, ila dozi iangaliwe kwanza. Nimeshamwambia asiguse kitu mpaka Alhamisi akaonane na dokta wake, na mimi naenda nae, nimeandika maswali kwenye karatasi. Mpaka hapo tumeacha soda na juisi za boksi tu, zimetoka kwenye friji jana, na nimemwambia apime sukari kila asubuhi.

Mama yako