Barua kwa Mwanangu: Mitetea na Majogoo

Mwanangu Baraka,

Ujumbe wako umenifikia na nimecheka peke yangu jikoni. Unasema umenunua vifaranga wa siku moja, kienyeji walioboreshwa, uko nao hapo Ruai, na unataka ubaki na mitetea tu. Jirani naye amekwambia uwaning'inize kichwa chini: anayejikunja kwenda juu ni jike, anayelegea ni dume. Waweke chini, baba. Kifaranga aliyepinduliwa anatapatapa tu, awe jike au dume. Na lile la yai lenye ncha kali kutoa jogoo, liache hapo hapo. Kwa kuku, jinsia huamuliwa na mbegu ya mama.

La kutambua jike na dume kwa bawa lina ukweli, ila lina masharti. Mfunue kifaranga bawa penye mwanga siku ile ile ya kwanza. Utaona safu mbili za vijinyoya: ya chini, na ya juu inayoifunika. Jike, ile ya chini huwa imeipita ya juu waziwazi. Dume, zimelingana, au ya juu ndiyo ndefu. Ukingoja siku tatu nne, tofauti inapotea. Tena njia hii inafaa tu pale wazazi walipochaguliwa makusudi: jogoo wa ukoo unaoota manyoya upesi, kuku jike wa ukoo unaochelewa. Wako hujui wazazi wao, kwa hiyo bawa litakudanganya.

Kuku wa mayai wa kahawia ndio rahisi. Wamezalishwa hivi kwamba majike huanguliwa wakiwa wa kahawia, madume manjano iliyopauka. Ndiyo maana kwa hao unaweza kuuziwa mitetea watupu. Njia ya Wajapani ya miaka ya 1920, ya kuminya tundu la haja na kutafuta kijivimbe kidogo ndani, waachie waliosomea. Mkono mzito unatoa matumbo ya kifaranga nje.

Wewe ngoja. Kuanzia wiki ya 5 au ya 6, wapange wa umri mmoja asubuhi wakila, uangalie upanga wa kichwani. Wa dume unapanuka na kuwa mwekundu, na vinyama vya chini ya mdomo vinatokeza. Wa jike unabaki mdogo, umepauka. Miguu ya dume pia ni minene. Usihukumu kwa ugomvi, maana hata majike wadogo hurukiana vifua. Ukiwa na shaka na mmoja, mwache hadi wiki ya 12 hivi, utazame manyoya ya shingoni na ya kiunoni karibu na mkia: yakiwa membamba, yenye ncha na yanayong'aa, huyo ni jogoo. Ya jike yana mviringo mwishoni.

Piga hesabu ya chakula ukijua karibu nusu ni madume. Wala si hasara: walishe, uwauze Desemba, Nairobi nzima ikitafuta jogoo wa kienyeji. Safari ijayo ukitaka mitetea tu, nunua wa miezi miwili au mitatu. Bei iko juu, lakini unachagua kwa macho yako.

Kila utakayemtambua, mfunge uzi wa rangi mguuni, na uulegeze kila wiki kwa sababu mguu unanenepa. Nyuzi ninazo, nitampa dadako akija huko Jumamosi. Na bado hujaniambia kama wamechanjwa dhidi ya ugonjwa wa Newcastle (kideri).

Mama yako