Bruku trauti mito ya Moshi? Mkuu, rudi nyuma kidogo

Mkuu umeuliza kama bruku trauti (brook trout, samaki wa mito ya maji baridi) yupo mito ya huku Moshi, na kwa nini umeshinda Jumamosi mbili mtoni na kopo zima la minyoo bila kuguswa hata mara moja. Nakujibu kwa niliyoyapitia.

Nimekulia Marangu. Trauti wote niliowahi kuwatoa mtoni huku ni wa aina mbili: mwenye utepe wa waridi ubavuni, ambaye asili yake ni upande wa Pasifiki, na yule wa kahawia wa Ulaya. Hawa ni wageni, waliletwa na wazungu enzi za ukoloni ili wapate mchezo wao wa kuvua. Bruku sijamvua hapa hata mmoja. Nilimvua Vermont, Marekani, nilipokwenda kusoma, na huko ndiko kwao, mashariki ya Amerika Kaskazini. Ukitaka kumtambua usihangaike na rangi ya tumbo, angalia madoa. Trauti wetu wana madoa meusi juu ya mwili mweupemweupe. Bruku ana madoa meupe juu ya mwili mweusi, mgongoni mistari iliyopindapinda kama njia za mchwa, vidoti vyekundu vilivyozungushiwa buluu, na mapezi ya chini yana ukingo mweupe kama umechorwa kwa chaki. Samaki mzuri kupita kiasi, nakiri.

Ila kwa tabia wote ni ndugu, na kosa lako nalijua kwa sababu nililifanya mimi.

Kwanza ulipovulia. Unasema ulikuwa chini ya mji. Hapo maji yameshapata joto, na maji ya joto hayabebi oksijeni ya kutosha. Bruku maji yakivuka nyuzi 20 anaanza kutaabika. Hawa wengine wanavumilia zaidi kidogo tu. Halafu mwezi wa pili mifongo, ile mifereji ya kumwagilia, inakuwa imeshachukua sehemu kubwa ya mto kupeleka migombani, kinachobaki kinakufika kwenye vifundo vya miguu. Ukiteremka mpaka kwenye mashamba ya mpunga ya Lower Moshi tafuta kambale na perege, utakula vizuri. Trauti yuko juu, kwenye ubaridi. Lakini usipande kichwakichwa: tangu 2005 msitu uliingizwa ndani ya hifadhi ya Kilimanjaro, kwa hiyo muone kwanza afisa uvuvi wa halmashauri, akueleze leseni na mahali unaporuhusiwa.

Pili, na hili ndilo lililonitesa. Kiangazi kizima nilikuwa natokea juu ya mto nateremka nao, mabuti ya mpira yanagonga mawe, fulana nyeupe. Sikupata kitu. Siku moja mzee aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe ng'ambo ya mto akaniangalia weee, kisha akasema, "Kijana, hao unawapigia hodi." Trauti hukaa amegeuza kichwa kule maji yanakotoka, maana chakula kinamjia na mkondo. Ukitokea juu anakuona kabla hujamuona. Tokea chini, mgongoni kwake, panda taratibu, piga goti ukikaribia lindi la maji, na kivuli chako kisitangulie majini.

Chambo kisikuumize kichwa. Mnyoo mmoja mdogo, ndoano ndogo, kitimazi chepesi cha kuzamisha mshipi, chelezo cha kuelea acha. Rusha mbele ya jiwe, upande maji yanakotoka, mnyoo uje na maji kwa mwendo wa maji yenyewe. Mshipi ukikaza na kuuburuta, ameshajua. Jaribu nyuma ya mawe, chini ya mizizi, na pale povu linapozunguka. Masika mto ukiwa tope jikalie nyumbani.

Bruku wangu wa kwanza kule Vermont nilimpata hivihivi, kwa kupiga goti na kufuata somo la yule mzee. Alikuwa na urefu wa kiganja. Nilishalaza mwiba wa ndoano kwa koleo, nikalowesha mikono kwanza ili nisimwondolee ute wa ngozi, nikamrudisha.

Jumamosi amka mapema, uwe mtoni saa kumi na mbili, na shati la rangi ya majani. Minyoo kumi inatosha.