Barua kwa mwanangu: kabla hujasaini

Dodoma, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Mbukwa. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Ile barua ya wenzako uliyoniambatanishia nimeipeleka duka la fotokopi hapa Nkuhungu wakanichapia, nikaisoma nikiwa nimekaa nje, upepo wa Julai ukitaka kuninyang'anya karatasi. Ni kurasa mbili tu, lakini usiku huo sikulala vizuri.

Umesema mawakili wenzako hapo Arusha wanakusanya saini. Wanaziomba Marekani, Uingereza na Umoja wa Ulaya ziwawekee vikwazo wakubwa wa nchi jirani waliohusika na kuua na kutesa watu. Ukaniuliza: "Baba, nisaini, au nitakuwa nawaita wakoloni warudi kutuamulia?"

Mimi si mwanasheria, mama. Nimefanya kazi miaka thelathini na sita kwenye mizigo ya reli, nikiandika nini kinakwenda wapi na nani atakipokea. Lakini vikwazo ninavijua. Nimewahi kuvishika kwa mikono hii.

Agosti 1996 wewe ulikuwa darasa la kwanza. Tarehe 25 Julai Meja Pierre Buyoya alikuwa amepindua serikali Bujumbura, na siku sita baadaye wakuu wa nchi za ukanda wetu walikutana hapo hapo Arusha, wakaamua Burundi ifungiwe biashara. Msuluhishi alikuwa Mwalimu Nyerere. Madai yalikuwa ya haki kabisa: bunge lirudishwe, vyama viruhusiwe, wanaopigana wakae mezani. Watu walikuwa wakichinjwa vijijini. Sisi tulioko stesheni hatukuwa na shaka kwamba tunafanya jambo jema, na kweli tulioagizwa kulifanya tulikuwa sisi, kwa sababu mzigo wa Burundi ulipita hapa: Dar, Dodoma, Tabora, Kigoma, kisha meli ziwani.

Mabehewa mawili ya mbolea yalikatwa kwenye treni yakasukumwa njia ya pembeni, nyuma ya ghala. Hati zake nilizishika mimi. Nakumbuka kwenye nafasi ya mpokeaji kulikuwa na jina la chama cha wakulima, limepigwa kwa taipureta, herufi ya "k" imekatika mguu. Buyoya hakuwamo kwenye hati ile. Hakukuwa na mwanajeshi hata mmoja. Mvua za Desemba zikaja, turubai likachanika, na Februari nilipoingiza mkono kwenye mfuko mmoja nikakuta mbolea imeganda jiwe. Vijana wa kupakia waliigonga kwa nondo ikatoka vipande vipande kama chokaa ya ukuta wa zamani. Aprili 1997 wakuu walilegeza, wakaruhusu chakula, dawa, vifaa vya shule na pembejeo za kilimo. Wakati huo Warundi walikuwa wameshapanda misimu miwili bila ile mbolea.

Mjomba wako alikuwa Kigoma miaka hiyo. Aliniambia petroli ilikuwa ikivuka usiku kwa maboti, na kila aliyeishika aliongeza bei. Waliokuwa na bunduki na wafanyabiashara waliokula nao meza moja hawakukosa mafuta. Aliyekosa ni mgonjwa wa kupelekwa hospitali. Vikwazo vilisimamishwa Januari 1999, na Buyoya alikuwa bado rais.

Sitaki kukudanganya kwa kukuonyesha upande mmoja. Mazungumzo ya Arusha yalianza Juni 1998, mkataba ukasainiwa tarehe 28 Agosti 2000, na wapo watu wenye akili wanaosema Buyoya asingekaa mezani kama asingebanwa. Inawezekana wako sawa. Lakini mimi kila nikisikia neno "vikwazo" naona ile mbolea, na najiuliza kwa nini hukumu ya mtu mmoja ilipelekwa kwa chama cha wakulima.

Ndiyo maana aya ya tatu ya barua yenu imenipendeza. Inataja watu sita, kwa vyeo vyao, na kila mmoja na anachodaiwa kufanya, wapi, lini. Hiyo ni njia nyingine kabisa. Wewe unajua ilikotoka, ila niruhusu niieleze kama nilivyoielewa. Sergei Magnitsky, mtaalamu wa kodi wa Moscow, aligundua wizi wa dola milioni 230 za kodi ya nchi yake, akawataja maofisa. Akakamatwa Novemba 2008. Aliugua gerezani, akanyimwa matibabu, akafa tarehe 16 Novemba 2009 akiwa na miaka 37. Bill Browder, ambaye Magnitsky alikuwa akimfanyia kazi, akazunguka kwa wabunge wa Marekani hadi mwaka 2012 ikapitishwa sheria ya kuwazuia waliohusika wasiingie Marekani na mali zao huko zishikiliwe. Mwaka 2016 Marekani ikaipanua iwahusu watesi wa nchi yoyote. Kanada ikafuata 2017, Uingereza na Umoja wa Ulaya 2020.

Nguvu yake iko kwenye dola. Jina lako likiingia kwenye orodha ya Wizara ya Fedha ya Marekani, kilicho chako huko kinashikiliwa na hakuna Mmarekani wa kufanya biashara nawe. Malipo mengi ya dola duniani yanapitia benki za New York, kwa hiyo hata benki ambayo haijawahi kukanyaga Marekani inakuogopa. Carrie Lam, aliyekuwa mtawala wa Hong Kong, aliwekewa vikwazo Agosti 2020, na Novemba mwaka huo alisema mwenyewe kwenye televisheni kwamba ana marundo ya fedha taslimu nyumbani, kwa kuwa hana benki ya kumhudumia. Mtawala wa mji wa mabenki, mshahara wake anaupokea kwenye mabunda! Na mchuuzi wa samaki wa Hong Kong aliendelea kuuza samaki.

Hata hivyo usiingie na matumaini makubwa kuliko kitu chenyewe. Yahya Jammeh wa Gambia aliwekwa kwenye orodha Desemba 2017, wakati alikuwa ameshakimbilia Guinea ya Ikweta tangu Januari. Miaka ishirini na miwili aliyotawala, waliouawa waliuawa. Mwaka 2022 mahakama ya Marekani ilitaifisha jumba lake la Maryland, lililonunuliwa kwa dola milioni 3.5, na hilo lilinifurahisha, lakini mwenye jumba bado anakunywa chai yake ugenini. Na Burundi ile ile: Alain-Guillaume Bunyoni aliwekwa kwenye orodha ya Marekani Novemba 2015 akiwa waziri wa usalama, na mwaka 2020 akapanda kuwa waziri mkuu akiwa bado yumo. Orodha haikumzuia kupanda.

Sasa la wakoloni, maana najua ndilo linalokuuma.

Mwaka 1964 kambi ya wapigania uhuru ilifunguliwa Kongwa. Mimi nilikuwa na miaka minane, na bibi yako alikuwa akiuza maziwa. Kijana mmoja wa Afrika Kusini alikuwa akija na chupa yake asubuhi, kaptula imepigwa pasi mpaka unaona mkunjo. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Bibi yako alinisimulia baadaye kwamba siku moja alimuuliza kama ni kweli Waingereza wameambiwa wasinunue matunda ya kwao, na hao wachuma matunda watakula nini. Kijana akamjibu kwamba mama yake mwenyewe ni mchuma machungwa, na mama yake ndiye aliyesema yasinunuliwe.

Neno hilo bibi yako hakulisahau mpaka anakufa, na mimi nimelibeba. Wito ule ulitoka kwa walioumizwa. Albert Luthuli, kiongozi wa ANC, chama cha wapigania uhuru wa Afrika Kusini, aliwaomba Waingereza waache kununua bidhaa za nchi yake akijua nani atakosa ujira. Na tarehe 26 Juni 1959, mkutano wa kuanzisha mgomo ule ulipofanyika London, mmoja wa waliosimama kuzungumza alikuwa Nyerere. Alikwenda kwenye mji mkuu wa mkoloni wake, nchi yetu haijapata uhuru, akawaomba wananchi wa huko waache kuutia nguvu ubaguzi kwa pesa zao. Hakuona aibu. Ilichukua miaka 27 hadi Bunge la Marekani likapitisha vikwazo vyake mwaka 1986, tena kwa kuipindua kura ya turufu ya Rais Reagan.

Utaniambia vile vilikuwa vikwazo vya nchi nzima, na mimi nimetoka kuvilaani. Kweli. Kilichovitofautisha na mbolea yangu ni yule mama wa machungwa. Wale wakulima wa Burundi sikumbuki aliyewauliza.

Na mwangalie nani amefunga milango ya hapa nyumbani. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapo hapo mnapoishi, unapita mbele yake. Novemba 2019 Tanzania, mwenyeji wake, iliondoa tamko lililomruhusu mwananchi na asasi kwenda pale moja kwa moja. Rwanda ilikuwa imeshatangulia 2016, Benin na Ivory Coast zikafuata 2020. Mjane ambaye mumewe alichukuliwa usiku aende wapi? Mahakama za kwao zinamwogopa aliyemchukua. Mlango wa Arusha umesukumiwa komeo. Akibisha London, sitamwita msaliti.

Ila hao mnaowaandikia mjue ni watu gani. Fatou Bensouda unamkumbuka, alifanya kazi Arusha kwenye mahakama ya mauaji ya Rwanda kabla hajawa mwendesha mashtaka mkuu wa ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Alipofungua uchunguzi wa Afghanistan uliowagusa na Wamarekani, Septemba 2020 Marekani ilimwekea yeye vikwazo, mpaka Aprili 2021. Mwanamke anayewatafutia haki waliouawa, akawekwa orodha moja na wauaji. Liliniuma sana. Panga wanaloshika wao hukata kule wanakotaka wao, na wakiwa na rafiki mtesaji watampitia pembeni. Hilo mliandike wazi kwenye barua: kwamba mnataka kipimo kile kile kwa rafiki yao na kwa adui yao.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Aya ya tatu, saini, mradi wewe mwenyewe umeuona ushahidi wa kila jina, ukakaa na faili, ukasoma maelezo ya mashahidi. Usisaini jina ulilosikia tu. Ukikosea jina moja kati ya sita, hao watano wengine watajificha nyuma yake.

Aya ya tano ing'oeni. Ile inayoomba "nchi hiyo isitishiwe misaada na biashara" mpaka viongozi watakapowajibika. Aliyeiandika ana hasira ya haki, naielewa, lakini hajawahi kuingiza mkono kwenye mfuko ulioganda. Tena mnampa mtesaji zawadi. Angalia Zimbabwe: zaidi ya miaka ishirini kila kilichoharibika, dawa, barabara, sarafu, kililaumiwa vikwazo, na nchi za SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, mwaka 2019 zikaitenga tarehe 25 Oktoba kuwa siku ya kuvipinga. Machi 2024 Marekani ilifuta mpango wake wa zamani, ikamwandika Rais Mnangagwa na wenzake kumi kwa majina. Ukimtaja mtu, hawezi kujifunika taifa zima kama blanketi.

Na ongezeni aya moja ambayo sikuiona: mtu afanye nini ili jina lake litoke. Awaachie waliofungwa, aseme wamezikwa wapi, afike mahakamani. Tuliposimamisha behewa, hati ilikuwa na sehemu ya kuandika sababu na sehemu ya kuandika litaachiwa lini. Bila hiyo ya pili behewa linaota majani.

Na hao wajane na wazazi wa waliopotea, mmewaonyesha rasimu? Sijaona mahali panaposema hivyo. Kama hamjawaonyesha, anzeni hapo kabla ya saini ya wakili yeyote.

Kuna jambo moja nimelizunguka tangu mwanzo. Mnaandika majina sita ya watu wenye bunduki, na chini yake jina lako, ambalo nilikupa mimi. Kinachonikesha ni hicho. Mama yako sijamwonyesha karatasi. Nimeikunja nimeiweka kwenye Biblia yangu. Sikukatazi. Nikikukataza leo, yule kijana wa Kongwa tulimpa maziwa kwa ajili gani?

Ila siku barua inatoka, nipigie kabla haijatoka, hata kama ni saa nane usiku. Usivuke mpaka kwenda huko kwa kazi yoyote mwaka huu. Na nitumie namba ya simu ya mwenzako mmoja unayemwamini, nimtafute siku simu yako isipopatikana.

Ni mimi,
Baba yako