Kuhusu In the Name of the Father: baba na mwana hawakufungwa pamoja hivyo

Habari ndugu. Umekwama kwenye ile sehemu ya filamu hii ambapo Gerry Conlon, aliyefungwa Uingereza bila hatia, na baba yake Giuseppe wanakaa selo moja, na unauliza kama uiweke kwenye insha yako kama ukweli. Usiiweke.

Mimi filamu za namna hii huanza na tarehe za hukumu. Gerry na wenzake watatu walihukumiwa 1975 kwa mabomu ya Guildford, mji wa Uingereza, ya Oktoba 1974. Giuseppe alishtakiwa kwenye kesi nyingine, pamoja na akina Maguire, jamaa zao, 1976. Filamu imezifanya kesi mbili kuwa moja, halafu ikawapa selo moja ili tuwaone wakizozana na kupatana. Ila Giuseppe kufia kifungoni, 1980, ni kweli kabisa.

Angalia pia mahakamani. Gareth Peirce, ambaye filamu inamwonyesha akimtetea Gerry mahakamani, ni wakili wa kuandaa kesi. Si yeye aliyesimama mbele ya majaji wa rufaa mwaka 1989, hukumu zilipofutwa. Na kilichoivunja kesi hasa hakikuwa ile karatasi ya kwenye filamu, ya shahidi aliyesema Gerry alikuwa kwingine, ingawa ushahidi huo kweli ulifichwa. Polisi walidai waliandika mahojiano ya mshtakiwa mmoja papo hapo kwa mkono. Ikapatikana rasimu iliyopigwa taipu, ina masahihisho ya kalamu, na masahihisho yaleyale yameingizwa kwenye hayo ya mkono, yaani hayakuandikwa papo hapo!

Selo moja naisamehe. Hilo la rasimu kuachwa linaniuma, maana ndilo linaloonyesha mtu asiye na hatia anavyofungwa.