Uzamili wa saikolojia ya sheria Ujerumani: nawajibu bila kuficha

Wadogo zangu, swali ni lile lile: mtu mwenye digrii ya nyumbani anaweza kuja Ujerumani kusoma uzamili wa saikolojia ya sheria, yaani saikolojia inayotumika mahakamani? Anaweza. Ila wengi wenu mmesoma sheria, na kwa kawaida mlango huu ni wa waliosoma saikolojia. Wanaopitia maombi hufungua transkripti wakatafuta takwimu, mbinu za utafiti na upimaji wa kisaikolojia. Alama nzuri za sheria ya jinai haziwezi kuziba pengo hilo. Mwanasheria atazame kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu.

Mwenye saikolojia naye asibweteke. Nafasi ni chache, waombaji hupangwa kwa alama, na huku alama bora kabisa ni 1.0; namba ikipanda, alama inashuka. GPA ya 4.2 kati ya 5, kama ufaulu unaanzia 2.0, inageuka kuwa 1.8. Nyumbani umepigiwa vigelegele, huku unaweza kuachwa nje. Na msiniulize wanataka ngapi, maana kiwango ni alama ya mtu wa mwisho aliyeingia, na mwaka unaofuata kinabadilika.

Linaloniuma zaidi kuwaambia ni la lugha. Kazi yenyewe ni kusoma maneno ya watu. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Shirikisho wa mwaka 1999, mtaalamu anayepima maelezo ya shahidi huanza kwa kuchukulia kwamba si ya kweli, mpaka dhana hiyo ishindwe kusimama mbele ya yaliyokusanywa. Unakaa na kurasa za mahojiano ya mtoto. Je, ametaja jambo la pembeni lisilo na kazi yoyote kwenye tuhuma? Amesema mwenyewe, "hapo sikumbuki"? Wengi hudhani kauli hiyo inamwangusha shahidi, kumbe ni moja ya dalili za maelezo ya kuaminika. Kwa Kijerumani cha kuombea maji hutaviona vitu hivyo, na ripoti yako inaweza kumpeleka mtu gerezani.

Tena, shahada hii haikupi leseni ya kutibu. Tangu Septemba 2020 njia ya leseni inapitia uzamili wa saikolojia ya kliniki na tiba. Anayetaka kutibu wagonjwa aende huko.

Kama bado unaitaka, na mimi sijawahi kuijutia, chukua kila kozi ya takwimu chuoni kwako na uanze Kijerumani sasa hivi. Nitumieni transkripti, nitazisoma moja moja.