Mastaz ya usimamizi wa ujenzi: mmeuliza, najibu, na wengine nawagombeza kidogo

Meseji za wiki hii ni nyingi kuliko vumbi la Nala mwezi wa nane. Nimechukua chache. Zile za "mkuu naomba muongozo" bila kusema umesoma nini wala unafanya nini nimezifuta, sio mganga mimi nitazame kiganja.

Shikamoo injinia. Nimemaliza digrii ya ukadiriaji majenzi mwaka jana, kazi hamna, nyumbani Kongwa wanataka niunganishe mastaz ya usimamizi wa ujenzi ili nisikae bure. Unanishauri nini?

Marahaba mdogo wangu, ila mimi sio injinia, ni mkadiriaji majenzi kama wewe, mtu wa hesabu za gharama za ujenzi, hayo majina yana wenyewe na yana sheria, nitafika huko.

Usiende mwaka huu. Hili ni somo la mtu ambaye saiti imeshamuumiza, ukienda ukiwa mzima mzima hulielewi. Nikupe mfano. Darasani watakwambia kitabu chekundu cha FIDIC cha 1999, yaani mkataba wa mfano wa ujenzi wa shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, kifungu 20.1, kinamtaka mkandarasi mwenye madai atoe notisi mapema na isizidi siku 28 tangu alipojua au alipopaswa kujua tukio, asipotoa madai yamekufa. Utakariri, utapata A, utasahau. Mimi niliijua kabla sijaisoma. Kampuni niliyoanzia kazi ilipata barabara humu humu kanda ya kati, tunafika tunakuta kipande kizima watu hawajalipwa fidia, mama mmoja alizeti yake imeshatoa maua katikati ya mstari wetu na hana mpango wa kuing'oa, na ana haki. Greda limekaa, rola limekaa, madereva wanacheza bao. Bosi anasema tusiandike barua tutamuudhi mteja, tutaongea nae vizuri. Tukaongea vizuri miezi miwili. Barua ilipokuja kuandikwa tukajibiwa mistari mitatu, muda wenu umepita, na gharama ya mashine kusimama tukaimeza wenyewe pamoja na mishahara yetu. Miaka sita baadae nimekaa darasani mwalimu anataja siku 28, wenzangu wanaandika, mimi tumbo linauma.

Kwahiyo tafuta saiti kwanza. Dodoma hii toka serikali itangaze kuhamia 2016 haijaacha kuchimba misingi, hata kama utapewa nauli tu na ubwabwa wa mchana we kaa na foremani, jaza daftari la saiti kila siku, mafundi wangapi, simenti mifuko mingapi, boza la maji limekuja saa ngapi au halikuja. Miaka miwili mitatu ya hivyo ndio uende. Nyumbani waambie kukaa bure hakuna ada.

Ada shingapi?

Ya chuo gani? Fungua tovuti yao. Hili nimelijibu hivi hivi mara ya nne sasa.

Nina GPA ya 2.5, naweza kupata mastaz?

Vyuo vingi vinaanzia 2.7, yaani daraja la pili la chini, wewe upo kwenye pasi. Njia ya kawaida ni kusoma stashahada ya uzamili kwanza ukafaulu vizuri ndio uombe, sio wote wanaikubali kwahiyo soma vigezo vya chuo chenyewe. Na huyo jamaa aliyekwambia anaweza "kuirekebisha" transkripti yako mkimbie, hiyo ni jinai na siku vyeti vinahakikiwa utakuwa peke yako.

Nikimaliza mastaz hii bodi inanisajili moja kwa moja kuwa mhandisi?

Hapana. Mastaz haimgeuzi mtu. Kama digrii yako ya kwanza ni uhandisi unaenda ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, kama mhandisi mhitimu, unafanya kazi chini ya wahandisi waliosajiliwa, ule mpango wa mafunzo kazini wa SEAP ni miaka 3, ndipo unaomba uhandisi mtaalamu. Kama ni mbunifu majengo au mkadiriaji majenzi nyumba yako ni AQRB, bodi ya fani hizo mbili, nako kuna mafunzo ya vitendo na mitihani. CRB, bodi ya makandarasi, wao wanasajili makandarasi, yaani kampuni, daraja la kwanza mpaka la saba, hawaulizi una mastaz ngapi, wanauliza mtaji, mitambo na mtaalamu wako ni nani.

Na hapa niseme ambacho hujaniuliza. Ukitoka na mastaz watu watakuja kukuomba "uwawekee jina" kwenye kampuni yao kama mtaalamu, unalipwa kidogo kila mwezi na saiti huendi. Nyumba ikipasuka wanakutafuta wewe. Udongo wa Dodoma sehemu nyingine ni ule mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, nyumba hazichelewi kupasuka hapa.

Nafanya kazi Mtumba, mji wa serikali hapa Dodoma, nasomea wapi bila kuacha kazi?

Kwa fani yenyewe hasa, uchumi na usimamizi wa ujenzi, wengi tunapita Chuo Kikuu Ardhi pale Dar. Siku hizi kuna treni ya SGR, tangu 2024 unapanda Dodoma jioni usiku uko Dar, lakini kabla hujaanza kuhesabu nauli waulize chuo kwa maandishi ratiba ya vipindi ikoje, maana "jioni" ya kwenye tangazo na jioni ya kweli ni vitu viwili, na bosi wako pia akupe ruhusa kwa maandishi sio kwa kutikisa kichwa. Halafu usichanganye, mastaz ya mipango na usimamizi wa miradi sio usimamizi wa ujenzi. Ile itakufundisha mradi wa visima, wa chanjo, wa kuku. Ni nzuri tu, ila ukikaa mbele ya cheti cha malipo ya mkandarasi chenye variesheni, yaani mabadiliko ya kazi, kumi na mbili haikusaidii. Watu wanagundua muhula wa pili.

PMP, kile cheti cha kimataifa cha usimamizi wa miradi, au mastaz?

Inategemea unaajiriwa na nani. Mwajiri wa kigeni, mashirika, makampuni makubwa wanaipenda PMP. Chuoni kufundisha au kupanda daraja serikalini wanataka digrii. PMP yenyewe inakutaka uwe umeongoza miradi miezi 36 kama una digrii, pamoja na masaa 35 ya mafunzo, kwahiyo narudi pale pale, saiti.

Naomba unipe topiki ya disatesheni, nimekwama.

Haya. Ninyi watu. Nimeombwa kusoma kazi za wanafunzi nyingi na kama nusu zake ni "sababu za kuchelewa kwa miradi ya ujenzi" halafu jina la wilaya. Mnaokota orodha ya sababu 40 kutoka kwa mtu aliyeiokota Malaysia, mnatengeneza dodoso la moja mpaka tano, mnaligawa kwa watu 50 ambao wanajaza huku wanaangalia simu, mnapiga RII, ile hesabu ya kupanga sababu kwa uzito wake, mnagundua namba moja ni kuchelewa kwa malipo. Jamani! Fundi wa Chang'ombe anaijua hiyo na hajasoma.

Shika kitu kidogo ukishike kweli. Chukua mradi mmoja, omba faili la vyeti vya malipo, hesabu siku kutoka cheti kusainiwa mpaka hela kuingia, onyesha cheti kilikaa meza gani. Au fosi akaunti, yaani serikali inajenga bila mkandarasi, inanunua vifaa na kuajiri mafundi yenyewe, madarasa na zahanati ngapi zimejengwa kwa mafundi wa kijijini, nenda shule tatu za Bahi au Chemba, pima zege, soma daftari la stoo, uliza kamati ilinunuaje nondo. Au maji, mkandarasi wa hapa anamwagilia zege siku saba na nini mwezi wa kumi wakati boza ni hela? Sijaona mtu ameihesabu hiyo gharama vizuri kwenye BOQ, ile orodha ya kazi na bei zake. Au NeST, mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni, toka uchukue nafasi ya TANePS 2023 wakandarasi wadogo wa daraja la saba wanaingia wenyewe au wanamlipa kijana wa stesheneri awaingizie?

Na kama mwalimu wako bado anafundisha ununuzi wa umma kwa sheria ya 2011, mkumbushe kwa adabu kwamba kuna Sheria Na. 10 ya 2023.

Kuhusu yule aliyeuliza kama ni sawa kuandikiwa disatesheni kwa laki nane, sitakujibu hapa, ila siku ya kujitetea utaulizwa kwa nini ulichagua sampuli hiyo na aliyekuandikia hatakuwepo.

Kuna wakala anataka milioni moja na nusu anitafutie ufadhili Uingereza. Nimpe?

Usimpe hata mia. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, kuomba ni bure, unajaza mwenyewe, wanataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili na ukimaliza urudi nyumbani miaka miwili. Mastaz za kule nyingi ni mwaka mmoja, haraka haraka. Chuo chochote cha nje kiulizie TCU, tume ya vyuo vikuu, kabla hujalipa, sio baada ya kurudi na joho.

Mimi fundi mchundo, ujenzi nimefanya miaka 15, nimeishia kidato cha nne. Naweza kuruka niende mastaz?

Kaka, kuruka haiwezekani, mastaz inataka digrii. Ila nenda VETA uulizie ule utaratibu wa kurasimisha ujuzi, wanakupima kwa kazi yako mwenyewe na ukifaulu unapata cheti. Halafu nitumie namba yako, kuna mwanafunzi anatafuta mtu wa kumweleza zege linamwagiliwaje Dodoma wakati wa kiangazi, na ni lazima akulipe muda wako.