Nisaini mkataba wa miaka minne ili nisomeshwe uuguzi?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni binti wa miaka 19, mwenyeji wa Nansio, Ukerewe. Nimechaguliwa kusoma stashahada ya uuguzi na ukunga katika chuo kimoja Mwanza mjini, ambako ada, hosteli na mahitaji mengine yanafika shilingi 1,600,000 kwa mwaka, kwa miaka 3. Hospitali moja ya shirika la dini katika Kanda hii ya Ziwa iko tayari kunilipia zote, kwa sharti kwamba nikihitimu niifanyie kazi miaka 4. Nikiondoka kabla, nirejeshe mara mbili ya gharama, na baba yangu asaini kama mdhamini. Baba, ambaye riziki yake ni dagaa anaowapeleka soko la samaki la Mwaloni Kirumba, anasema ni heri auze injini ya mtumbwi kuliko mimi kufungwa bondi. Mama anasema tusiikimbie bahati. Nifuate lipi?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nimeisoma barua yako pamoja na nakala ya mkataba uliyoiambatisha, na nitaanza na jambo ambalo huenda baba hatalipenda: miaka 4 yenyewe haikunitisha. Muuguzi anayetoka chuoni huhitaji mwaka mmoja au miwili kabla mikono yake haijatulia, na ajira za Serikali, zinazotangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira, hazitoki kila mtu anapohitimu. Wapo wahitimu wenye leseni wanaojitolea kwa nauli tu. Kuwa na kazi inayokusubiri si jambo dogo.

Kilichonitisha ni kifungu cha 9, kile cha mara mbili. Gharama zako kwa miaka 3 ni shilingi 4,800,000, kwa hiyo fidia ni 9,600,000, na mkataba hausemi popote kwamba deni hilo hupungua kadiri unavyofanya kazi. Maana yake, ukiondoka baada ya mwezi mmoja unadaiwa 9,600,000, na ukiondoka ikiwa imebaki miezi 2 tu umalize, unadaiwa hizo hizo. Mkataba wa haki ungegawa gharama halisi kwa miaka ya utumishi, ili kila mwaka ulioutumikia ufute shilingi 1,200,000; ukitoka baada ya miaka 3, ubakiwe na deni la mwaka mmoja. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya kiasi kinachostahili, isiyozidi kiasi kilichotajwa. Kwa hiyo mahakama hailazimiki kuwapa zote 9,600,000. Lakini mpaka ufike huko, baba yako atakuwa ameshatumiwa barua za madai, kwa sababu mdhamini hudaiwa kama mdaiwa mwenyewe. Injini anayotaka kuiuza leo ndiyo itakayofuatwa kesho.

Jambo la pili ni siku ambayo miaka 4 inaanza kuhesabiwa. Mkataba unasema "baada ya kuhitimu", lakini muuguzi haajiriki mpaka afaulu mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, asajiliwe na apate leseni, na hapo katikati miezi hupita. Tena hakuna mahali panapoitaka hospitali ikuajiri ndani ya muda fulani. Umefungwa wewe, wao hawakufungwa. Omba iandikwe kwamba wasipokupa kazi ndani ya miezi 6 tangu upate leseni, uko huru na hudaiwi, na kwamba mshahara wako hautakuwa chini ya ule wa muuguzi mwingine wa ngazi yako hospitalini hapo. Iandikwe pia itakuwaje ukiugua au ukirudia mwaka, na kwamba likizo ya uzazi, ambayo kisheria ni siku 84, inahesabiwa ndani ya utumishi wako.

Nasema haya kwa uchungu wa aliyepitia. Nilisaini mkataba wa miaka 3 nikiwa na umri kama wako, nikapangiwa kituo chenye vitanda 6 vya wazazi na muuguzi mmoja wa zamu ya usiku. Wiki ya pili tu, mama mmoja alianza kutoka damu baada ya kujifungua. Mkono wangu mmoja ukawa unakanda tumbo lake, mwingine unapapasa kwenye trei kutafuta sindano, na taa ilikuwa kandili iliyoshikwa na bibi aliyemsindikiza, ambaye mkono wake ulitetemeka kuliko wangu. Yule mama alipona. Ukunga nilioujua baadaye, hata nikaufundisha, niliupata pale, na siujutii mkataba ule. Ninachokijutia ni kwamba nilikabidhi vyeti vyangu halisi, na muda ulipokwisha vilikaa kwenye kabati la mwajiri miezi 5, kwa kuwa hakuna mstari uliosema vitarudishwa lini. Nafasi ya kujiendeleza niliyokuwa nimeipata ikanipita. Mkataba wako nao unataka vyeti halisi. Toa nakala zilizothibitishwa, basi.

Kuna njia ya tatu ambayo hamkuitaja nyumbani. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imekuwa ikiwakopesha pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada, na fani za afya zimo. Ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe, lakini utafanya kazi popote unapotaka. Si kila anayeomba hupata, ila omba, kwa maana kuomba hakukuzuii kuendelea na mazungumzo na hospitali.

Kabla ya hayo yote, panda meli uende hospitalini hapo siku ya kazi, mfuate muuguzi aliyesomeshwa kwa mkataba kama wako, mbali na ofisi, umuulize mambo matatu: mshahara huingia tarehe ngapi, michango yake ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, inaonekana, na usiku wodi moja ina wauguzi wangapi. Akisita kwenye swali la mshahara, umeshajibiwa.

Wakikubali kuandika kwamba deni linapungua kila mwaka, na vyeti vikabaki kwako, ningekuwa mama yako ningekwambia usaini. Wakikataa yote mawili, ningeungana na baba. Mwisho wa kusaini ni tarehe 28, kwa hiyo barua ya kuomba marekebisho ipelekwe wiki hii, igongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, na baba asimtafute mnunuzi wa injini mpaka mtakapojibiwa kwa maandishi.